Je, kuna siri ya namba ndani ya nyimbo za Tool?

"Mwalimu, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita. Mama yetu alifariki mwezi wa tatu baada ya kuugua kiharusi miaka minne, na sisi wawili ndio tuliomuuguza. Tangu hapo kijana amezama kwenye bendi moja ya Kimarekani inaitwa Tool. Ana daftari zima la namba. Anasema wimbo wa Lateralus umejengwa kwa namba za Fibonacci, kwamba ukizipanga upya nyimbo za albamu ile unapata albamu nyingine iliyofichwa, na kwamba Forty Six & 2 unaeleza jinsi binadamu atakavyobadilika kuwa kiumbe kingine. Usiku huwa anarudia wimbo mmoja mrefu, dakika kumi na moja na kitu, una sauti za mvua na radi. Shangazi tunayeishi naye aliona kwenye simu yake wimbo wenye jina la Satan, sasa anataka kijana apelekwe akaombewe. Mimi muziki huu siuelewi. Hizo siri ni za kweli au mashabiki wanajitungia? Ni muziki wa kishetani? Na nikitaka kumwelewa mdogo wangu, nianzie wapi?"

Marahaba dada, na pole sana kwa msiba. Kuuguza mgonjwa wa kiharusi miaka minne si jambo dogo kwa mtu yeyote, sembuse kwa kijana aliyekuwa na miaka 15 kazi hiyo ilipoanza. Hofu yako nimeielewa hivi: hujui kama mdogo wako amepata kitu cha kumshika mkono au amepotea ndani ya kitu ambacho hakipo, na hapo nyumbani mna mtu mzima ambaye ameshakata shauri.

Nikupe kwanza majibu kwa ufupi. Namba za Lateralus zipo, na unaweza kuzihesabu mwenyewe hata kama hujui muziki. Albamu iliyofichwa ni kazi ya mashabiki. Habari ya binadamu kugeuka kiumbe kingine si sayansi. Wimbo wenye jina la Satan ni mapishi ya biskuti. Na ule wimbo wa usiku, wa mvua na radi, ndio ulionifanya nikujibu kwa urefu. Nitaufikia.

Kwanza uijue bendi yenyewe, maana tabia zake ndizo zinazowafanya mashabiki wajaze madaftari. Tool ilianzishwa Los Angeles mwaka 1990. Maynard James Keenan anaimba, Adam Jones anapiga gitaa, Danny Carey yuko kwenye dramu, na besi tangu 1995 inapigwa na Mwingereza Justin Chancellor. Albamu zao kamili ni tano tu: Undertow (1993), Ænima (1996), Lateralus (2001), 10,000 Days (2006) na Fear Inoculum (2019). Kati ya mbili za mwisho ilipita miaka 13. Mashabiki waliosubiri kiasi hicho walikuwa na muda wa kutosha wa kuchambua kila sekunde ya zile za nyuma. Isitoshe, majalada ya CD zao hayachapishi maneno ya nyimbo, na wanamuziki wenyewe si watu wa kukaa chini wakaeleza kila mstari una maana gani.

Juu ya hayo, Tool wamewahi kuwachezea mashabiki makusudi. Mapema mwaka 2001 walitangaza jina la albamu mpya, Systema Encéphale, pamoja na orodha ya nyimbo zake. Jina lile na orodha ile vyote vilikuwa vya uongo, albamu iliyokuja ikawa Lateralus. Miaka ya mwanzo walikuwa wakiwaambia waandishi wa habari kwamba wanafuata falsafa ya machozi kutoka kwenye kitabu fulani cha zamani, watu wakahangaika kukitafuta, na kitabu chenyewe hakikuwahi kuandikwa. Kwa hiyo kijana anapoamini kwamba kila kona ya muziki huu ina kitu kimefichwa, hajarukwa na akili. Amefundishwa hivyo na bendi yenyewe. Anachohitaji ni kipimo cha kutenganisha kilichowekwa na wanamuziki na kilichowekwa na wasikilizaji.

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni swali moja: je, jambo hili lingeweza kushindikana? Kama lingeweza kushindikana na halikushindikana, hapo kuna kazi ya mikono ya mtu. Kama lisingeweza kushindikana hata kidogo, basi halithibitishi chochote, hata likipendeza namna gani.

Tuanze na Lateralus, wimbo wa tisa katika albamu inayobeba jina hilohilo. Ulisoma ushairi shuleni, kwa hiyo unajua mizani. Unajua kwamba mshairi wa tarbia akiandika mstari wenye mizani nane kila kipande, kisha kipande kimoja kikawa na saba, msikilizaji anahisi mguu umekosa ngazi. Keenan katika ubeti wa kwanza wa Lateralus ameandika kwa mizani, ila hesabu yake haikai mahali pamoja. Kipande cha kwanza kina silabi 1. Cha pili 1. Halafu 2, halafu 3, halafu 5, halafu 8. Kisha anashuka: 5, 3, 2, 1, 1. Kisha anapanda tena: 2, 3, 5, 8. Baadaye anafika 13 na kushuka 8, 5, 3. Kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1 na 1 ni 2, 1 na 2 ni 3, 2 na 3 ni 5, 3 na 5 ni 8, 5 na 8 ni 13. Huo ndio mfululizo unaoitwa wa Fibonacci.

Ili uusikie bila kuhangaika na Kiingereza, nimekutungia kipande kidogo kwa mpango huohuo. Kisome kwa sauti, utulie kidogo kila mwisho wa mstari:

La,
si
mwezi,
ni jua
linalozama
kwenye maji ya bahari.

Hesabu: 1, 1, 2, 3, 5, 8. Umehisi jinsi pumzi inavyofunguka? Ndivyo wimbo unavyofanya. Maneno yake yanaanza na mtoto mchanga anayeona rangi mbili tu, halafu rangi zinaongezeka, halafu anaona kwamba kuna zaidi ya anachokiona, na mistari inarefuka kadiri macho yanavyofumbuka. Kwa hiyo namba zinafanya kazi ya maana. Zingeondolewa, wimbo ungesema maneno yaleyale lakini mwili wako usingehisi ule upanuzi. Na jambo hili lingeweza kushindikana kirahisi sana, kwani neno moja tu lenye silabi moja ya ziada lingeharibu hesabu yote. Haikuharibika. Mdogo wako yuko sahihi, mwambie hivyo.

Kuna na kiitikio. Pale dramu na gitaa zinahesabu mapigo tisa, kisha manane, kisha saba, halafu zinarudi kwenye tisa. Piga makofi mezani ukihesabu polepole, ukitia mkazo kwenye kila "moja", utasikia mzunguko unavyozidi kubana. Danny Carey alieleza kwamba jina la kwanza la wimbo lilikuwa 9-8-7 kwa sababu ya mapigo hayo, ndipo wakaja kugundua kwamba 987 ni namba ya 16 katika mfululizo wa Fibonacci. Nataka kijana autazame vizuri mpangilio wa matukio hapo. Mdundo ulitangulia. Watu wanne walikuwa chumbani wakipiga, wakapata mwendo walioupenda, wakakutana na namba njiani, ndipo wakaijenga nyumba nzima juu yake. Mashabiki wengi wanadhani bendi ilianza na fumbo kisha ikalivalisha muziki. Mambo yalikwenda kinyume chake.

Kisha mwambie jambo ambalo naamini halimo kwenye daftari lake, maana nimekutana na mashabiki wachache sana wanaolijua. Mfululizo huu ulijulikana kabla ya Fibonacci, na waliouona mapema ni wataalamu wa ushairi. Wasomi wa mizani ya Kisanskriti kule India walikuwa wakijiuliza: ukiwa na silabi fupi ya pigo moja na silabi ndefu ya mapigo mawili, mstari wa mapigo manne unaweza kuupanga kwa njia ngapi? Jaribuni wenyewe na karatasi. Fupi nne tupu. Ndefu mbili tupu. Na ndefu moja na fupi mbili, ambazo unaweza kuzipanga kwa njia tatu. Jumla tano. Mapigo matatu yanatoa njia tatu, matano yanatoa nane, sita yanatoa kumi na tatu. Hemachandra alilieleza jambo hili katika karne ya 12, miongo kadhaa kabla Leonardo wa Pisa, ndiye Fibonacci, hajaandika kitabu chake mwaka 1202. Na huyo Leonardo hesabu za Kihindi na Kiarabu alianza kujifunza hapahapa Afrika, katika mji wa Béjaïa nchini Algeria, alikokuwa akifanya kazi baba yake. Basi Keenan alipotia namba hizi kwenye silabi alizirudisha kwao.

Sasa tuje kwenye yale yanayoanguka kwenye kipimo. Kuna mashabiki wanaosema sauti ya Keenan inaingia dakika 1 na sekunde 37, na kwamba hiyo ni sawa na dakika 1.618, ambao ni uwiano wa dhahabu unaotokana na Fibonacci. Hesabu yenyewe inakaribia: sekunde 97 ukigawa kwa 60 unapata 1.617. Lakini kwa nini tupime kwa dakika? Ukipima kwa sekunde una 97 tu. Ukipima kwa mapigo ya wimbo una namba nyingine kabisa. Ukweli uliomo ndani ya wimbo hauwezi kutegemea umeshika saa ya namna gani.

Albamu iliyofichwa ndiyo inayopendwa zaidi, nami naielewa mvuto wake. Lateralus ina nyimbo 13. Mashabiki wanaanza na wa 6 na wa 7, wanaendelea na wa 5 na wa 8, wa 4 na wa 9, kisha wa 13 peke yake, kisha wa 1 na wa 12, wa 2 na wa 11, wa 3 na wa 10. Wanaiita Zawadi Takatifu. Wanasema: tazama, kila jozi ukijumlisha unapata 13! Dada, chukua albamu yoyote ya kwaya au ya taarab yenye nyimbo 13. Ya 6 na ya 7 zitajumlisha 13. Ya 1 na ya 12 zitajumlisha 13. Haiwezekani zisijumlishe. Bendi haijawahi kuthibitisha mpango huo.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi uko masikioni. Nyimbo ya 10, ya 11 na ya 12, yaani Disposition, Reflection na Triad, ni safari moja. Ya kwanza ni tulivu, karibu kunong'ona. Ya pili inapita dakika kumi na moja na kuvuta pumzi kidogokidogo. Ya tatu haina mwimbaji kabisa, vyombo vinapiga mpaka vinachoka. Bendi imezipiga jukwaani zikifuatana hivyohivyo. Zawadi Takatifu inaikata safari hiyo vipande vitatu na kuvitawanya. Mtu aliyetengeneza kitu kwa uangalifu namna hiyo hafichi ndani yake mpango wa kukivunja. Kama kijana atakuuliza mbona maungio mengine ya mpango ule yanasikika matamu, jibu ni kwamba Tool hulegeza uzi mnene wa gitaa hadi D, na nyimbo nyingi za albamu ile zinaizunguka noti hiyo. Nyimbo zilizokaa nyumba moja zinapokezana bila kugombana.

Huenda ameshafika pia kwenye ile ya 10,000 Days: ukiunganisha Wings for Marie, dakika 6 na sekunde 11, na Viginti Tres, dakika 5 na sekunde 2, unapata dakika 11 na sekunde 13, sawasawa na urefu wa wimbo wa 10,000 Days, na watu huzipiga kwa pamoja. Hii naipa uzito kidogo zaidi, kwa sababu ingeweza kushindikana. Hata hivyo albamu ile ina nyimbo 11. Kwa kila wimbo kuna jozi 45 za nyimbo nyingine za kujaribu, ambayo ni majaribio 495. Katika majaribio 495, sekunde kulingana mahali fulani si ajabu. Acha alifurahie, ila asilijengee imani.

Forty Six & 2 nitaupitia haraka. Binadamu ana kromosomu 46, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi. Wazo kwamba tutaongezewa mbili tukafika hatua ya juu zaidi ni la waandishi wa mambo ya kiroho, biolojia hailijui, na sokwe wenye 48 wapo tayari na si malaika. Ila wimbo wenyewe hauhitaji kromosomu. Unamhusu mtu anayeamua kupita ndani ya kivuli chake, ule upande wake asiotaka kuutazama, kama mwanasaikolojia Carl Jung alivyouita, ili atoke upande wa pili amebadilika. Kwa maana hiyo ni wimbo mzuri mno kwa kijana wa miaka 19.

Sasa shangazi. Wimbo aliouona ni Die Eier von Satan, kutoka Ænima. Anayesema anasema kwa Kijerumani kwa ukali, mashine zinagonga nyuma yake, umati unashangilia, ukisikia bila kuelewa utadhani ni hotuba ya dikteta. Maneno yake ni mapishi: siagi, sukari, karanga zilizosagwa, tanuri nyuzi 200, dakika 15, na msisitizo kwamba mayai hayatiwi. Nikuambie pia kwamba kati ya viungo kuna hashishi kidogo, usije ukasikia kwa mtu mwingine ukadhani nimekuficha. Somo lake, ninavyolielewa mimi, ni jinsi sauti na umati vinavyoweza kumtisha mtu hata kama kinachosemwa ni biskuti. Shangazi amepatikana kwenye mtego uleule ambao wimbo umeutega kwa kila mtu, nami simlaumu hata kidogo. Akisikia pia wimbo wao wa Mantra na kudhani ni dua za kichawi, mweleze kwamba ile ni sauti ya paka wa Keenan aliyebanwa kwa upole, ikapunguzwa kasi. Na yule mwanamume anayelia kwa hofu mwishoni mwa albamu ya Lateralus ni rekodi ya mtu aliyepiga simu kwenye kipindi cha redio Marekani mwaka 1997.

Hata hivyo sitaki umwambie shangazi kwamba hakuna lolote. Tool wameikosoa dini waziwazi tangu rekodi yao ya Opiate ya 1992, hasa wahubiri wanaojinufaisha. Kwa mtu mcha Mungu hilo linauma, na ana haki ya kuumia. Lakini kuikosoa dini ni jambo moja na kumwabudu shetani ni jambo jingine, na hilo la pili kwenye nyimbo zao silioni.

Tufike kwenye ule wa usiku. Dakika kumi na moja na kitu, mvua, radi: mdogo wako anasikiliza 10,000 Days, sehemu ya pili ya nyimbo mbili zinazoitwa Wings. Nadhani hajakuambia unahusu nini. Mama yake Maynard Keenan aliitwa Judith Marie. Mwaka 1976, mwanawe akiwa mtoto wa miaka 11, damu ilivuja kwenye ubongo wa mama huyo. Alipooza, akaishi kwenye kiti cha magurudumu, akabaki Mkristo mwenye imani ileile mpaka alipofariki mwaka 2003. Ni miaka 27. Fanya hesabu: 27 mara 365 ni 9,855. Hizo ndizo siku elfu kumi. Namba ile haina fumbo lolote, ni urefu wa ugonjwa wa mama.

Katika Ænima tayari kulikuwa na wimbo unaoitwa Jimmy. Jina la kuzaliwa la Keenan ni James, ambalo kwa kifupi huwa Jimmy, na ndani ya wimbo namba kumi na moja inarudi tena na tena, kwa sababu ndiyo miaka aliyokuwa nayo siku maisha ya nyumbani yalipopinduka. Alichukua miaka mingine kumi kufika kwenye Wings. Na pale mtu huyuhuyu aliyeimba kwa hasira juu ya dini anasimama mbele ya mama yake na kumwambia kwamba yeye hakuwa na imani kama yake, lakini imani ya mama aliiona kwa macho yake. Anawakemea waumini wanaojisifu ilhali hawajawahi kubeba mzigo aliobeba mama. Anamtuma aende kwenye lango la mbinguni akadai mabawa yake, kwa kuwa ameyalipia. Dramu zinachelewa sana kupaza sauti. Kwa muda mrefu ni besi, mvua, na mtu anayeimba kama aliye karibu na kitanda. Baadaye Keenan alitawanya majivu ya mama yake kwenye shamba lake la mizabibu Arizona, na mvinyo mmoja wa huko ukapewa jina la Judith.

Sasa isome tena barua yako. Wewe umetaja kiharusi cha mama kwa sentensi moja, kisha ukaniandikia aya nzima kuhusu namba. Nafikiri mdogo wako naye anafanya hivyohivyo. Daftari la namba anaweza kumwonyesha mtu yeyote. Wimbo wa usiku anausikiliza peke yake. Kati ya bendi zote duniani amempata mwimbaji aliyekuwa mtoto ndani ya nyumba yenye mama aliyepooza. Hilo kwangu lina uzito kuliko 987.

Nini cha kufanya? Kumnyang'anya simu na daftari nakukataza kabisa, utamwondolea kitu pekee anachoshikilia na atajifunza kukuficha. Kumwacha tu aendelee kunawezekana, vijana wengi hupita humo salama, ila ukimya wenu wawili utaendelea kuwa mrefu. Ninachokupendekezea ni ukae naye. Usianze na mama. Anza na daftari, mwombe akuhesabie silabi za Lateralus, ubishane naye kidogo kuhusu Zawadi Takatifu kwa hoja nilizokupa. Kijana anayebishana kuhusu muziki anaongea, na akishaongea mengine yanafuata.

Halafu mtafutie mtu wa kukaa naye uso kwa uso kwenye muziki wenyewe. Kijana anayehesabu tisa, nane, saba kwa raha yake ana sikio la mpiga dramu. Kama mko karibu na Dar es Salaam, pale Bagamoyo pana TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy. Hata mpiga dramu wa kanisa la shangazi anafaa sana, na hilo litamfurahisha shangazi pia. Mikono ikishashika vijiti, namba zinapungua utisho na kuongezeka utamu.

Kuna mambo ambayo si ya mwalimu wa muziki kuyatibu, na hapo nakuomba usisubiri. Kusikiliza wimbo wa huzuni usiku baada ya kufiwa si ugonjwa. Lakini kama hapati usingizi wiki baada ya wiki, kama ameacha kula au kuoga, kama ameanza kuvuta bangi ili asikilize, au kama anasema nyimbo zinamtumia ujumbe yeye binafsi na kumwagiza afanye jambo, mpeleke hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, uulize kitengo cha afya ya akili. Kama amewahi kusema anataka kumfuata mama, iwe ni leo, na asiachwe peke yake. Muulize wazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Kuhusu maombi, zungumza na shangazi kwa heshima na umweleze wimbo wa Wings unasema nini. Maombi na hospitali havigombani, na mchungaji anayejua kusikiliza anaweza kumsaidia sana kijana aliyefiwa. Kinachoumiza ni kumpeleka kwa nguvu akaambiwe mbele ya watu kwamba majonzi yake ni pepo.

Na wewe uanzie wapi? Vaa spika za masikioni, siku ukiwa peke yako, usikilize Parabol na Parabola zikifuatana kama zilivyo kwenye albamu ya Lateralus. Ya kwanza inanong'ona, ya pili inalipuka, na zote zinasema kwamba kuwa hai ndani ya mwili huu ni jambo la kustaajabisha na maumivu yatapita. Usihangaike na maneno mara ya kwanza. Ukiona zimekukaa, ndipo umwambie mdogo wako kwamba unataka kusikiliza naye ule wa mvua. Mwambie mwanze na Wings for Marie, ile ya dakika sita, kwa maana ndiyo inayofungua mlango na mashabiki wengi huiruka. Hizo mbili zinachukua dakika kumi na saba na kidogo, kwa hiyo chagueni usiku ambao shangazi ameshalala na kesho yake hakuna anayewahi kuamka.